Unga Unapolala, Nani Anafanya Kazi?

Ukikaribia mpaka wa Malaba, kati ya Uganda na Kenya, kwa upande wa Tororo, kuna kipande cha barabara ambacho dereva mgeni hukisikia kwenye usukani kabla hajakiona. Lami imebonyea mistari miwili sambamba, kana kwamba jitu limeburuza vidole viwili juu ya siagi. Boda ikitumbukia mle haitoki kirahisi, na mvua ikinyesha maji hubaki mle mpaka jua liyamalize. Mwezi uliopita nilipiga magoti pale alfajiri, kabla foleni haijajaa, nikalaza rula ndefu ya chuma kuvuka bonde moja na kushusha kipimo katikati. Milimita 38. Kisha nikarudi kilomita chache nyuma, mahali ambapo malori hupita yakiwa na mwendo, nikapima tena. Milimita 6.

Lami ni ya kazi moja, kokoto ni za machimbo yaleyale, jua ni lilelile. Malori nayo ni yaleyale, maana hakuna lori linalofika getini bila kupita huko nyuma kwanza. Kilichotofautiana ni muda ambao tairi linakaa juu ya lami.

Nafanya kazi katika maabara ya vifaa vya barabara, na nimeishika sindano ya kupimia lami kwa miaka tisa. Lakini jambo hili la muda sikulijulia maabara. Nililikuta mezani kwa mama, sokoni Malaba, kwenye unga wa chapati.

Mama aliwauzia madereva wa malori. Wengi walitoka Mombasa, na Kiswahili chao ndicho kilichotulea sisi watoto wa mpakani ambao majumbani mwetu kulikuwa na Kiteso na Kidhopadhola. Aliukanda unga kabla ya mapambazuko, akaukata madonge, akayapaka mafuta, akayapanga kwenye sinia na kuyafunika kwa kitambaa chenye unyevu. Siku moja, kwa papara ya kutaka kumsaidia, nilichukua donge ambalo ndiyo kwanza limekatwa, nikalisukuma. Likatanuka hadi upana wa sahani. Nilipoinua mti wa kusukumia, likanywea mbele ya macho yangu, likaanzia pembeni, likajikusanya, likabaki dogo na nene katikati. Nikasukuma tena. Likanywea tena.

"Liache hilo," mama akasema. "Bado lina hasira."

Palikuwa na dereva amesimama anangoja. "Mama, geti linafunguliwa. Nifungie mbili niende."

"Baba, unga una hasira. Nikiulazimisha utatafuna ngozi. Kaa unywe chai, uache ulale kidogo."

Dereva akakaa. Baada ya nusu saa hivi donge lilelile lilikuwa kitu kingine. Lilikubali kusukumwa na kubaki pale liliposukumwa, jembamba kiasi kwamba rangi ya meza ilianza kuonekana chini yake. Hakuna aliyeligusa muda wote huo, wala hakuna kilichoongezwa. Mama alisema limelala. Mimi nikabaki na swali ambalo halijaniacha: kama unga ulilala, ni nani aliyefanya kazi ile?

Mwaka 1827 mtaalamu wa mimea Mskoti, Robert Brown, alitia chavua kwenye maji chini ya hadubini na kuona vipande vidogo sana vilivyotoka ndani ya chavua vikicheza bila kukoma. Akadhani labda ni uhai. Akajaribu vumbi la vitu visivyo na uhai, hata la mawe, nalo likacheza vilevile. Ilingojewa hadi 1905 ndipo Albert Einstein alipoonyesha kwa hesabu kwamba chembe hizo zinagongwagongwa na molekuli za maji, na kwamba joto la maji lenyewe ni mwendo wa molekuli hizo. Mfaransa Jean Perrin akakaa na hadubini, akafuata chembe moja baada ya nyingine hadi hesabu ikathibitika, na mwaka 1926 akapewa Tuzo ya Nobel. Kabla ya kazi yake bado kulikuwa na wasomi wakubwa waliokana kwamba atomu zipo.

Mtikisiko huo haukomi maadamu kuna joto. Umo ndani ya chai yako, ndani ya donge la unga, ndani ya lami. Ukubwa wa chembe ndio unaoamua itafika wapi. Chembe yenye upana wa mikrometa 1, yaani sehemu moja ya elfu ya milimita, ikiwa majini husogea umbali sawa na upana wake kwa takriban sekunde 1. Chembe pana mara 10 ya hiyo huhitaji muda mara 1,000 ili isogee upana wake: kama dakika 17. Hesabu hii naipenda kuliko zote nilizofundishwa. Molekuli za maji hupangana upya haraka mno hata mkono wako hauwezi kuzikuta hazijajipanga. Za jiwe hazipangani upya kabisa kwa umri wetu. Vitu laini viko katikati. Mwendo wao wa ndani huchukua sekunde, dakika, siku, yaani muda wa mikono yetu, wa mapishi yetu, wa safari zetu. Ndiyo maana tunavisikia vikibadilika tukiwa tumevishika.

Ulaini wenyewe nao unatoka huko. Msukumo wa joto unaoigonga atomu moja ni sawa na ule unaoligonga tone la mafuta ndani ya maziwa, joto halibagui. Lakini tone lenye upana mara 1,000 ya atomu linajaza nafasi mara bilioni 1 zaidi. Nguvu ileile ndogo inatawanyika katika nafasi kubwa mno, na kitu kilichojengwa kwa matone ya namna hiyo kinalegea kwa kiasi kama hicho. Kidole cha mtoto kinachora juu ya siagi na hakichori juu ya sufuria.

Sasa turudi kwenye donge. Ndani ya unga wa ngano mna protini mbili, glutenini na gliadini, ambazo ukizikanda na maji hushikana kuwa mtandao. Glutenini ni minyororo mirefu iliyosokotana. Unaposukuma donge unaivuta minyororo hiyo inyooke. Mtikisiko wa joto nao unaitikisa kila pingili huku na huko, na mnyororo unaotikiswa hujikunja, kwa sababu namna za kujikunja hazihesabiki na namna ya kunyooka ni moja. Hiyo ndiyo hasira aliyoiona mama. Ukiliacha donge, mtikisiko uleule unaifanya kazi ya pili. Mnyororo unateleza polepole kati ya wenzake, viungo dhaifu vinaachia na kushika mahali pengine, mpaka kila mnyororo unapata kujikunja pale ulipo bila kudai kurudi ulikotoka. Kwa hiyo kilichoukasirisha unga ndicho kilichoulaza. Nilipolielewa hili nilikuwa na umri wa miaka 24, na niliondoka darasani nikampigia mama simu.

Mfaransa mwingine, Pierre-Gilles de Gennes, aliufananisha mnyororo mrefu ulionaswa kati ya wenzake na nyoka: hawezi kwenda kando, anaweza tu kutambaa kufuata urefu wake. Katika hesabu aliyoichapisha mwaka 1971, ukirefusha mnyororo mara mbili, muda wa kujinasua unazidi mara nane. Unga una mambo zaidi ya hayo, kwa sababu minyororo yake pia hufungana. Lakini kila nikiona sinia lililofunikwa naona nyoka wanatambaa.

Lami pia ina wanaotambaa. Ni mabaki mazito ya mafuta ghafi, na ndani yake mna molekuli kubwa zinazoitwa asfaltini, zilizojikusanya katika vifungu vidogo na kuzungukwa na mafuta mepesi zaidi. Tunaipima hivi: tunaijaza kwenye kikopo, tunakizamisha kwenye maji ya nyuzi 25 za Selsiasi, kisha tunaiachia sindano ya chuma yenye mzigo wa jumla wa gramu 100 izame kwa sekunde 5. Kina tunakisoma kwa sehemu za kumi za milimita. Lami iitwayo 60/70 ni ile ambayo sindano huzama milimita 6 hadi 7. Sekunde 5, si 4 wala si 6, maana ukibadilisha muda umebadilisha swali.

Mwaka wangu wa pili kazini niliharibu siku nzima. Niliitwa nje wakati kikopo kiko tayari, nikakitoa kwenye maji ya kipimo na kukiweka mezani ndani ya bakuli. Ilikuwa alasiri ya Februari, joto la chumba nyuzi 31. Niliporudi sindano ilinipa 86, kisha 84, kisha 87. Nikaandika kwamba lami ni laini mno, na mzigo mzima wa lori ukasimamishwa getini. Mkubwa wangu hakunigombeza. Aliniambia nitumbukize kipimajoto ndani ya bakuli lile. Maji yalikuwa yamefika nyuzi 28. Tulirudia kwa utaratibu, tukapata 65. Nyuzi tatu tu, ambazo ngozi ya mkono wangu isingezitambua, zilikuwa zimezipa molekuli zile kasi ya kutosha kuipisha sindano theluthi moja zaidi. Nilimwomba radhi dereva wa lori lile, naye alikuwa ameshapoteza nusu siku.

Sasa fikiria barabara. Hewa ya Tororo ikiwa nyuzi 32, uso wa lami chini ya jua la saa nane unaweza kupita nyuzi 50, ambako lami nyingi za kawaida huanza kulegea. Alama ya tairi la lori juu ya barabara ina urefu wa kama sentimita 30. Lori likienda kilomita 60 kwa saa, tairi linapita juu ya nukta moja ya barabara kwa chini ya sehemu mbili za mia za sekunde. Molekuli na vifungu vya ndani havipati nafasi ya kusogea. Lami inabonyea kidogo na kurudi, kama mpira. Likitambaa kilomita 5 kwa saa, muda unakuwa mara 12. Likilala kwenye foleni kwa saa 10, muda ni kama mara milioni 2 ya ule wa kwanza. Na lori la tani 56, ambazo ndizo kikomo katika Jumuiya ya Afrika Mashariki, halina haja ya kuharakisha. Linangoja tu. Mwaka 2020, madereva walipokuwa wakipimwa korona mpakani, malori yalisimama kwa kilomita nyingi na watu walilala barabarani siku kadhaa. Wote tuliwahurumia madereva, nami niliihurumia na barabara pia.

Jijini Brisbane, Australia, Thomas Parnell alianzisha jaribio mwaka 1927 katika Chuo Kikuu cha Queensland: lami ngumu ya aina nyingine, ambayo ukiipiga nyundo inavunjika vipande kama kioo, aliiweka ndani ya faneli na kuiacha. Inatiririka. Tone la tisa lilidondoka mwaka 2014. Kama unaniuliza lami hiyo ni yabisi au ni kimiminika, nitakuuliza umekuja na nyundo au umekuja na subira.

Mwaka 1964 mtaalamu Marcus Reiner aliipa uhusiano huu jina. Alichukua muda ambao kitu kinahitaji ili kujipanga upya ndani yake, akaugawa kwa muda wa yule anayekitazama, na akaiita namba hiyo kwa jina la Debora, nabii wa Kitabu cha Waamuzi aliyeimba juu ya milima iliyotiririka mbele za Bwana. Namba ikiwa kubwa, kitu ni yabisi kwako. Ikiwa ndogo, ni kimiminika. Kwangu mimi ni namba ya kiungwana, kwa sababu inamhesabu na mtazamaji.

Kuna jaribio linalogusa mwili wenyewe, na sihitaji maabara kukuonyesha. Chukua kipande cha mpira kilichokatwa kwenye tyubu ya baiskeli, kile kile wanachofungia magunia wale waendesha baiskeli wa Busia na Malaba, kwenye mpaka ambako neno boda boda lilizaliwa. Kishikilie kikiwa kimelegea, kigusishe kwenye mdomo wa juu. Halafu kivute kwa haraka hadi mwisho na ukiguse tena mdomoni papo hapo. Kimepata joto. Kiache kikiwa kimevutwa mpaka joto liishe, kisha kilegeze ghafla na kukigusa mara ya tatu: kimepoa kuliko mwanzo. John Gough, Mwingereza aliyekuwa kipofu tangu utotoni, ndiye aliyechapisha jambo hili mwaka 1805, na alilitambua kwa midomo yake. Miaka ya 1850 James Joule akalipima kwa uangalifu. Gough aliona na la pili: mpira uliovutwa ukipashwa joto haulegei kama ungedhani, unakaza.

Waya wa chuma hurudi kwa sababu atomu zake zimetenganishwa na zinataka kukaribiana. Mpira haurudi kwa sababu hiyo. Minyororo yake imeunganishwa hapa na pale kwa salfa, njia aliyoigundua Charles Goodyear mwaka 1839, kwa hiyo haiwezi kutambaa na kwenda zake kama ile ya unga. Inachoweza ni kutikisika. Kinachokuvuta vidole unapoushika mpira ni mtikisiko wa minyororo inayotafuta kujikunja. Ukiongeza joto unaongeza mtikisiko, na mkono wako unavutwa zaidi. Nimewahi kuwashikisha watoto wa kaka yangu vipande hivyo, na mdogo wao akavishika muda mrefu kuliko wenzake, akasema, "Shangazi, kuna kitu ndani kinaninyang'anya." Sijapata maelezo mazuri kuliko hayo.

Ukitaka kuyaona haya kwa macho, tafuta tochi ndogo ya leza, glasi ya maziwa mabichi na glasi ya bongo, yaani maziwa ya mgando, lililoganda vizuri. Zima taa, na mwanga wa leza usiuelekeze machoni mwa mtu. Ukimulika bongo, doa jekundu litaonekana lina chengachenga, nukta za mwanga na giza zilizotulia. Ukimulika maziwa, chenga zinafifia na doa linakuwa laini kama limepigwa brashi. Chenga zipo kwenye maziwa pia, ila vitonye vya mafuta na chembe za kaseini, protini ya maziwa, vinatembea haraka mno na jicho linazichanganya. Maziwa yanapochachuka, chembe za kaseini huacha kusukumana, hushikana, mtandao unajengeka, mwendo unabanwa. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1980 wataalamu wameligeuza jambo hili kuwa kipimo: wanahesabu chenga zinavyobadilika na kutoka humo wanajua kitu kina ugumu gani, bila kukigusa.

Nimeacha la mwisho kwa sababu ni zito kwangu. Siagi, udongo wa mfinyanzi na vitu kama hivyo vina tabia nyingine: kila chembe iko ndani ya kizimba cha majirani zake. Inatikisika mle mle. Mara moja moja jirani mmoja anapisha, chembe inahama, mzigo wake unamwangukia mwingine, naye anahama. Kitu kizima kinaonekana kimetulia kumbe kinasogea kwa kiasi kisichoonekana, na siku inafika ambapo kuhama kwa mmoja kunawahamisha wote.

Tarehe 1 Machi 2010, mteremko wa Mlima Elgon ulishuka juu ya kijiji cha Nametsi wilayani Bududa. Sidai kwamba mtikisiko wa joto ndio ulioushusha. Mvua ilikuwa imenyesha mno, maji yakajaa kwenye matundu ya udongo, yakazisukuma punje zisikandamizane, na msuguano ulioishikilia ile ardhi ukapungua. Lakini mteremko wa udongo laini mara nyingi hutambaa kabla ya kuporomoka, na nyufa za juu ya kilima ndizo hasira yake inayoonekana. Mlimani niliwahi kumsikia mzee akisema alipanda vijiti pande mbili za ufa shambani kwake na kupima umbali kwa kamba kila Jumapili. Fundo la kamba liliposogea mara mbili mfululizo, alihamisha watu wa nyumba yake. Ningependa kila kilima kiwe na kamba ile.

Kuhusu barabara yetu, yapo ya kufanya. Kwenye maegesho na njia za foleni mtu anaweza kumwaga zege badala ya lami, au kuichanganya lami na polima za jamii ya mpira ili mtandao wa minyororo uibane isitiririke, au kupanga kokoto kubwa zigusane ili mzigo ubebwe na mawe. Yote yana gharama, na nimeandika hivyo katika ripoti yenye milimita zangu 38.

Jumapili iliyofuata nilienda kwa mama. Hauzi tena, lakini chapati za nyumbani anazikanda mwenyewe. Alifunua sinia, akachagua donge la katikati, akalibonyeza kwa kidole cha shahada na kutulia. Bila yeye kujua nilitazama saa. Sekunde 5, au karibu sana. Akaondoa kidole, na sote wawili tukatazama shimo likipanda kujaa, haraka mwanzoni, kisha polepole.

"Bado," akasema, na akalifunika tena.